Karakana ya Mkulima Mlimani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe na wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha eleza habari za bei, za ghala na za mizani, wala hatuna la kuongeza juu ya hayo. Sisi tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu vya chama, nalo ni mahali anapoweka na kutengeneza mkulima vyombo vyake vya kazi nyumbani kwake. Mahali hapo twapaita karakana. Wengine husema gereji, hasa siku hizi ambapo pikipiki imekuwa punda wetu sote.

Huenda mtu akauliza, karakana ya mtu nyumbani kwake ina uhusiano gani na ushirika? Na tumtazame mkulima wa Nyandira, huko Mgeta. Kabichi zake zimekatwa jioni, karoti zimeoshwa, magunia yamefungwa. Alfajiri mnyororo wa pikipiki unakatika. Spana iko kwa jirani, koleo lilizama katika debe la misumari tangu msimu uliopita, na kiungo cha mnyororo alichokinunua mjini hakumbuki alikiweka wapi. Anapofanikiwa kushuka, lori limekwisha ondoka, na kabichi haijui kungoja. Upande wa mashariki, Kinole na Tawa, ndugu zetu wa ndizi na mananasi wapo katika hali iyo hiyo. Na hata mwenye karafuu, mdalasini au pilipili manga, ambavyo huvumilia kidogo, hapati faida ikiwa bomba lake la kupulizia dawa lavuja kwa kukosa kipande cha mpira. Hasara ya namna hii haiandikwi popote. Katibu huona tu kwamba mzigo wa mwanachama fulani umepungua, naye hadhani kwamba chanzo chake ni spana iliyopotea uvunguni mwa kitanda.

Basi neno letu la leo ni hili: karakana ya mlimani haianzi kwa matofali, bali kwa kuuliza maji yatapita wapi na kazi itapita wapi. Mwenye kuyajibu maswali hayo mawili kwa kamba na vijiti, kabla hajanunua mfuko mmoja wa saruji, ataokoa fedha nyingi.

Hata hivyo kuna swali la tatu linalotangulia yote, nalo ni kiwanja ni cha nani. Katika Uluguru ardhi ni mali ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu aweza kulima shamba la ukoo wa baba yake kwa ridhaa ya wenyewe, na wengi twafanya hivyo bila ugomvi wowote. Lakini mazao ya msimu ni jambo moja, na msingi wa mawe ni jambo jingine. Tangu zamani wazee wetu walikuwa waangalifu sana na mtu aliyeazimwa shamba akitaka kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti hukaa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya maneno ya mdomo. Jengo ni zaidi ya mti. Kwa hiyo anayetaka kujenga upande wa baba, au upande wa mkewe, na akae kwanza na wakubwa wa ukoo ule, ridhaa yao iandikwe, na majirani wa mipaka yote wawepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji, nayo sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Twawasihi wanaume waliomo humu wasilipite neno hilo haraka. Katika nyumba nyingi za Waluguru mwenye kiwanja ni mama, naye hana budi kuwemo katika kupanga, kwa kuwa ndiye atakayeishi na kelele na moshi wa karakana hiyo.

Tukisha kujua mwenyewe, tuutazame mlima. Miteremko ya mashariki, inayoelekea bahari, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Magharibi kwapungua, na huku chini mjini Morogoro hatupati hata nusu ya hiyo. Mvua hiyo ndiyo baraka yetu, nayo ndiyo adui wa kwanza wa jengo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache iliiporomosha miteremko ya Mgeta mahali pengi sana kwa siku moja. Wataalamu waliokwenda kupima baadaye waliona kwamba maporomoko mengi mno yalianzia mashambani na penye majani matupu, si penye miti. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali, waulizeni wazee ni wapi mlima uliwahi kuteleza. Itazameni miti: shina lililopinda chini kisha likanyooka juu laonyesha kwamba udongo wa pale unatembea polepole. Mahali panapochuruzika maji hata wakati wa kiangazi pasijengwe kitu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tukae mita 60 kutoka ukingo wa mto, hata kama pale mtoni ndipo palipo tambarare peke yake.

Wazee walio hapa waliona wenyewe, au walisimuliwa na wazazi wao, habari za matuta ya ngazi. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba ngazi katika mashamba yao. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, ghasia zikatokea, na mpango ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, za siasa na za sulubu ya kazi yenyewe. Lakini mojawapo ilikuwa udongo. Penye mteremko mkali na udongo mzuri ulio mwembamba, mwenye kuchimba ngazi huuzika udongo mzuri chini na kuuleta juu udongo usiozaa. Mkulima aliliona hilo kwa macho yake, ilhali amri ilikuwa moja kwa kila kilima. Twalitaja jambo hili kwa kuwa kujenga karakana mlimani ni kuchimba ngazi moja, na kwa sababu hiyo hatutawapa leo ramani moja ya kufuatwa na wote kutoka Kiroka hadi Mgeta.

Kuchimba ngazi hiyo moja kuna adabu yake. Udongo wa juu, ule mweusi, uondolewe kwanza na kupelekwa bustanini. Kisha ukate mlima na kusukuma udongo mbele, lakini jengo lote likae juu ya ardhi iliyokatwa, si juu ya udongo uliomwagwa. Udongo uliomwagwa, hata ukiushindilia kwa nguvu, utashuka baada ya masika mawili, na ukuta wa mbele utashuka nao. Hapo palipomwagwa pawe ua wa kusimamishia pikipiki na kuanikia mbao. Ukingo wa nyuma usisimame wima kama ukuta. Ulazwe kidogo, upandwe mabingobingo au vetiva, na kati ya ukingo na ukuta iachwe nafasi isiyopungua kimo cha ukingo wenyewe. Katika nafasi hiyo pitisheni mtaro. Mtaro mwingine uwe juu zaidi, ukiyapokea maji ya mlima kabla hayajafika na kuyapeleka pembeni polepole, penye mawe au majani, wala yasimwagwe katika shamba la jirani. Kesi nyingi za mipaka tulizozisikia zilianza kwa mtaro.

Sasa tupime. Kwa mkulima mwenye pikipiki moja, mabomba mawili, vyombo vya seremala na vya chuma, chumba cha mita 6 kwa mita 4 chatosha. Piga vigingi vinne na kamba. Ili pembe iwe ya mraba kamili, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Mstari wa kuziunganisha ncha ukiwa mita 5 sawasawa, pembe ni ya haki. Usawa wa sakafu upimwe kwa mpira mwembamba wa kuonyesha uliojazwa maji, kama mafundi wetu wafanyavyo. Macho hudanganywa sana na mlima, na kitu kilicho sawa huonekana kimeinama.

Kisha, kabla ya kuchimba msingi, ingizeni pikipiki ndani ya kamba hizo. Ichuchumalieni upande wa kulia, kisha wa kushoto. Wekeni ubao juu ya mawe mahali itakapokuwa meza ya kazi. Mtu mmoja ajifanye anakata bomba refu kwa msumeno, na mwingine apite nyuma yake akiwa amebeba ndoo. Watu watawacheka kwa kucheza nyumba kama watoto. Waacheni wacheke, kwa maana kuhamisha kigingi ni bure, bali kuhamisha ukuta si bure.

Meza ya kazi ikae chini ya dirisha, upande wa bondeni, ambako mlima hauzibi mwanga. Hapa kwetu jua hupita upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo, mteremko ukiruhusu, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zikabili jua kali la asubuhi na la jioni. Mteremko usiporuhusu, mfuateni mlima, na upenu mpana utasaidia. Meza iwe na upana wa sentimita 60, ishikizwe ukutani, na miguu yake iwe minene kuliko inavyodhaniwa kuwa lazima. Jiriwa isiwekwe katikati, ambako wengi huiweka kwa kupenda urembo. Iwekwe karibu na ncha ya meza inayoelekea mlangoni, ili bomba au mbao ndefu ipite na kutokeza nje ya mlango. Kimo chake ni hiki: mdomo wa jiriwa uwe sawa na kiwiko cha mtu aliyesimama, ndipo tupa itakwenda sawa na mgongo hautauma. Kwa kupiga randa, meza iwe chini zaidi, karibu na kifundo cha mkono. Mwenye nafasi ya meza moja tu na aipime kwa kazi anayoifanya siku nyingi zaidi.

Pikipiki isimame katikati ya chumba, na mkono mzima wa nafasi uachwe kila upande. Mlango uwe wa mbao mbili, upana wa mita 2, ukifunguka nje, ili usile nafasi ya ndani, na ili siku ya moto mtu atoke kwa kuusukuma. Vyombo vitundikwe ukutani, kila kimoja penye msumari wake, na nyuma yake pachorwe umbo lake kwa rangi. Jioni mtu akitazama ukuta ataona mara moja umbo lililo tupu, atajua kwamba nyundo iko shambani au spana iko kwa jirani. Dawa hii ya upotevu ni rahisi kuliko kufuli, na twaamini yafaa hata katika ghala la chama. Ufunguo wa karakana usiwe wa mtu mmoja, kwani bomba likiharibika baba akiwa mjini, mama hana haja ya kuvunja mlango.

Juu ya sakafu hatutasema mengi. Mawe yaliyoshindiliwa, kisha zege la sentimita 10, sehemu 1 ya saruji kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, likiinama kidogo kuelekea pembe moja penye kishimo cha kukusanya mafuta yaliyomwagika. Asiye na fedha na ashindilie udongo vizuri, aweke zege chini ya meza na chini ya pikipiki peke yake. Kuta za matofali ya kuchoma ni nzuri, lakini tanuri lake hula kuni nyingi, na msitu wetu umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008. Tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hazihitaji moto kabisa. Kuta za mabati matupu hatuzipendekezi: mchana ni jiko, usiku hutoa jasho, na vyombo hushika kutu upesi kuliko vikikaa nje.

Paa ndilo lifaalo kutangulia. Mwenye kujenga kwa awamu asimamishe nguzo na paa kwanza, achimbe mitaro, afanye kazi chini yake mwaka mzima, na kuta zifuate. Kwa njia hiyo ataona mvua yapiga kutoka wapi kabla ya kuliweka dirisha. Upenu utokeze sentimita 75 au zaidi. Tena paa si kifuniko tu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la mita 24 za mraba, penye mvua ya milimita 2,000, laangukiwa na lita 48,000 kwa mwaka. Hata nusu yake ikipotea, ni maji mengi ambayo hakuna mtoto atakayeyapandisha kichwani. Bati moja la plastiki lipitishalo mwanga, likiwekwa juu ya meza, litapunguza haja ya taa.

Tumefika penye hatari, na hapa twawaomba msikilize hata mliochoka. Kazi ya moto, yaani mkaa, mivukuto na kuchomelea, isifanyike ndani ya chumba hiki. Iwekewe upenu wake ubavuni, upande upepo unakoelekea, mbali na petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji na kutulia mahali pa chini, ukingoja cheche. Kwa sababu hiyo hiyo tunakataa shimo la kukagulia gari katika karakana ya nyumbani. Tunajua kwamba vijana wanalipenda. Lakini shimo hukusanya mvuke, na mlimani hujaa maji. Injini isiungurumishwe milango ikiwa imefungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu asiamke. Anayechomelea aweke pazia la turubai, kwa maana mwanga ule huwaumiza macho watoto wanaotazama kwa mbali. Penye umeme, soketi ziwe juu ya meza, waya wa ardhi usiachwe, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Na dawa za mimea zisilale karakanani hata usiku mmoja: zijengewe kabati lake, lenye kufuli, mbali na chakula na mbali na cheche.

Liko na jambo la mafuta machafu. Mto Ruvu huanzia katika milima hii, na maji yake hunywewa na watu wa Dar es Salaam. Ngerengere huingia bwawa la Mindu, ambalo huwanywesha watu wa Morogoro. Mafuta ya injini yanayomwagwa nyuma ya nyumba Mgeta hayabaki Mgeta. Yawekwe katika dumu lenye kifuniko, chini ya paa, na dumu likijaa liletwe kwa katibu pamoja na mazao, ili chama kiyakusanye na kuyakabidhi kwa wanaoruhusiwa kuyachukua. Halmashauri imekwisha kubali jambo hili, nasi twaishukuru.

Kuhusu mafundi, tusiwatafute mbali. Morogoro yetu ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 1984, na chuo cha ufundi stadi cha VETA kiko Kihonda. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, liliundwa kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Lakini kijana aliyesomea ufundi akirudi kijijini asikute meza wala jiriwa, atashuka tena mjini kuendesha pikipiki ya mtu mwingine. Tumewaona wengi wakishuka hivyo. Vyama vya msingi viwili au vitatu vikikubaliana kununua jiriwa, keekee na mashine ya kuchomelea kwa pamoja, na kuviweka katika karakana ya mwanachama mmoja kwa mapatano yaliyoandikwa, gharama itakuwa ndogo na kijana huyo atapata kazi. Hesabu ya mpango huo iko mikononi mwa Mhasibu, na kila chama chaweza kuiomba.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho cha kuchimba na kushindilia. Kabla ya hapo, ye yote anayetaka kupima kiwanja chake ataazimwa futi kamba, timazi na mpira wa maji vya Chama Kikuu kwa siku 3, akiandika jina lake katika daftari la katibu wa chama chake. Mpira ni mmoja tu kwa sasa, kwa hiyo twawaomba wa Mgeta wapangiane zamu na wa Matombo.